Kuku Walikuwa na Saa Zao za Mwanga

Mke wangu alifanya kazi gizani miaka kumi na tisa. Waliomweka humo bado wapo, wana afya zao, na nasikia wanalala fofofo.

Hao sitawataja. Wanajijua. Nitamtaja yeye, kwa jina alilopewa kazini: Jicho. Mimi nilimwita mama, yeye aliniita fundi, kwa sababu ni seremala. Binti yetu mmoja ameolewa mbali. Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba.

Kazi yake ilikuwa kukagua mayai. Watu wanadhani yai linatoka kwa kuku linakwenda dukani moja kwa moja. Hapana. Kuna chumba katikati. Chumba chao kilikuwa nyuma ya ghala, hakina dirisha hata moja, kuta na dari vimepakwa rangi nyeusi. Wanawake kumi na mmoja wamekaa kwenye stuli, kila mmoja na kisanduku cha bati mbele yake. Ndani ya kisanduku kuna taa kali, juu kuna tundu dogo kuliko yai. Unaweka yai juu ya tundu, linawaka lote kama kaa la moto, na unaona ndani. Tone la damu. Ufa mwembamba kama unywele. Baya kushoto, zuri kulia, trei ikijaa unaisukuma. Giza lazima liwe giza kweli. Mwanga ukiingia kidogo tu, huoni kitu.

Yeye aliona. Mayai waliyoyapitisha wenzake, yeye aliyarudisha. Ndipo wakampa jina. Meneja akileta wageni aliwasimamisha nyuma ya stuli yake na kuwaambia, "Huyu hakosei." Alipenda kusikia hivyo. Nani hapendi.

Gari la kampuni liliwachukua saa kumi na moja alfajiri, likawarudisha saa moja jioni. Mchana walikula nusu saa kwenye korido, chini ya taa za mirija, mlango wa nje umefungwa. Kutoka hawakuruhusiwa. Sababu ilikuwepo, na kibaya zaidi ilikuwa ya kweli. Mtu akitoka juani saa sita mchana, akirudi gizani haoni. Macho yanataka robo saa, pengine zaidi, kuzoea tena. Robo saa ya watu kumi na mmoja ni trei nyingi, alisema meneja.

Kwa hiyo wakaambiwa jua linaharibu jicho la kazi. Wakaamini. Na sisi wa nyumbani tukaamini. Jicho akaanza kulikwepa jua hata Jumapili. Akienda dukani alivuta mtandio mpaka kwenye nyusi, akapita ukutani penye kivuli.

"Nalitunza," alisema, anajigusa chini ya jicho, kama mtu anayetunza kisu chenye makali.

Usingizi ndio ulikuwa wa kwanza kumkimbia. Alipanda kitandani saa tatu, mpaka saa nane macho makavu. Akianza kusinzia, honi ya gari. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake ya kujilaza, lakini chumba chetu kina dirisha la mashariki, na jua likichomoza lilimpiga usoni.

"Fundi, hilo dirisha litaniua."

Ndivyo alivyosema. Nami nikachukua mbao ngumu, nikaipiga randa mpaka ikateleza, nikaichonga ikaingia kwenye fremu kama kizibo kwenye chupa. Misumari sita. Nikafunga mlango, nikakaa mle ndani kuikagua kazi yangu. Hata sindano ya mwanga haikupita. Nikajisifu.

"Sasa lala," nikamwambia. "Hata jua likija kubisha hodi, halijui umelala wapi."

Akacheka. Jumapili hiyo alilala mpaka saa tano. Nikatembea kwa kunyata ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nimefurahi kama mjinga.

Ubao huo ulikaa pale miaka sita. Siku sita za wiki hakuiona asubuhi kwa sababu yao. Siku ya saba hakuiona kwa sababu yangu.

Maumivu yakaanza mapajani. Kisha kiuno, kisha mbavu. Nikimshika goko la mguu kidogo tu, anaruka. Kupanda gari la kampuni ikawa shughuli, anashika mlango kwa mikono miwili na kujivuta. Akaanza kutembea kwa kuyumba huku na huku. Jirani yake wa stuli alikuwa mwanamke mmoja waliyemwita Kinanda, kwa kuwa mdomo wake haukujua kufungwa. Kinanda alimtania.

"Jicho, mbona unatembea kama bata? Hapa tunafuga kuku."

"Nimeomba uhamisho," Jicho akajibu. "Bata hawakaguliwi."

Walicheka sana, aliniambia. Na mimi nilicheka.

Zahanati walimpa vidonge vya maumivu. Walisema ni uzee. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Mimi nina kumi na tisa zaidi yake na nilikuwa bado nabeba mbao begani. Uzee gani unaomruka mume unamkamata mke? Sikuuliza. Mimi si mtu wa maneno.

Mwaka mwingine ukapita hivyo. Mwishoni binti yetu alikuja, akamwona mama yake anavyoinuka kitini, akatupeleka hospitali kubwa bila kutusikiliza. Tulimkuta daktari kijana, mwanamke, umri wa binti yetu. Alimtoa damu, akampiga picha ya mifupa. Tuliporudi kuchukua majibu akamuuliza swali moja tu.

"Mama, mara ya mwisho kukaa juani ni lini?"

Jicho alidhani anataniwa. "Daktari, jua lote hili la nje, mtu anaweza kulikosa?"

"Nakuuliza wewe. Lini?"

Akafikiri. Nikamwona anafikiri, na nikaona anapotafuta hapati. Daktari akageuka kwangu. Na mimi sikupata.

Akatueleza taratibu, bila maringo. Ngozi ikipigwa na jua inatengeneza kitu mwilini, na kitu hicho ndicho kinachoingiza ugumu kwenye mfupa. Ngozi kama yetu inataka muda mrefu zaidi juani, si mfupi. Mtu akikosa, mfupa unalainika. Unauma, unapinda, unapasuka bila kupigwa. Kisha akauliza usingizi. Akasema ndani ya mwili kuna saa, na saa hiyo inarekebishwa na mwanga wa asubuhi. Asiyeiona asubuhi, mwili wake haujui usiku umefika.

Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nilikuwa nauona ubao.

Daktari akachukua ile picha, akaibandika kwenye kioo cha ukutani chenye taa nyuma, tuione. Mfupa wa paja la mke wangu, mweupe, unawaka. Kabla hajanyoosha kidole, Jicho akasogea.

"Hapa," akasema. Akasogeza kidole. "Na hapa, upande wa ndani. Mwembamba sana."

Daktari akamwangalia. "Umeonaje mama? Hata mimi niliangalia mara mbili."

"Ndiyo kazi yangu." Akarudi kukaa. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ndogo, anatabasamu, "Fundi, hili lingekuwa yai ningeliweka kushoto."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia meneja dakika hiyo. Mtu aliyejua kuutafuta ufa kuliko wote, walifanya ufa umkae mwilini.

Daktari alisema apumzike miezi miwili. Jicho akakataa. Mwenzao aliyekosa kazini siku tatu tu mwaka uliopita, alikuta stuli yake ina mtu. Wakashindana kwa maneno, wakapatana: vidonge, fimbo ya kutembelea, asibebe trei, na kila siku nusu saa ya jua la mchana, mikono na miguu wazi. Daktari akaandika barua kwa kampuni, akagonga muhuri. Asubuhi, alisema, akiamka tu afungue dirisha.

Tulipofika nyumbani nikachukua nyundo moja kwa moja. Jicho alikuwa ameshajilaza.

"Acha kwanza, fundi. Jumapili hii nilale. Utautoa wiki ijayo."

Nikaiacha nyundo. Wiki ijayo ikawa wiki nyingine. Ubao ulikuwa kazi nzuri. Hilo nalo niliseme.

Barua ilikwenda kwa meneja siku iliyofuata. Hakuikataa. Aliisoma, akaiweka chini ya bilauri, akasema ataifikiria. Siku kumi anafikiria. Siku ya kumi na moja aliniita mimi, si kwa ajili ya barua. Milango ya banda la kuku ilikuwa imelegea bawaba, nao walizoea kunipa vibarua vidogo. Nikaenda, nikisema moyoni nitamwona.

Sikuwahi kuingia ndani ya banda lile. Kuku wengi huoni mwisho wao, na juu yao taa, mstari kwa mstari. Chini ya taa kijana mmoja alikuwa anapita na kidude mkononi, anakiinamisha sawa na vichwa vya kuku, anaandika.

"Unapima nini, bwana?"

"Mwanga, mzee. Lazima uwafikie wote sawasawa. Ukipungua pale kwenye kona, kona ile hawatagi."

Ukutani karibu na mlango niliokuwa nautengeneza kulikuwa na karatasi ndani ya kioo. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwa hiyo nasoma polepole. Mwanga saa kumi na sita. Giza saa nane. Usizime kabla. Usiwashe kabla. Chini yake saini ya meneja.

"Na giza la nini?" nikamuuliza.

"Wapumzike. Kuku asipopata giza lake vizuri anaumwa. Mwezi uliopita mtu alisahau swichi saa moja tu, akafukuzwa."

"Na kinamama wa chumba cha mayai, wao wanapimiwa na nani?"

Akacheka. Hakuwa na ubaya, alikuwa anatania tu. "Wao hawatagi, mzee."

Nilikaza skrubu za bawaba mpaka zikalia. Kisha nikaenda ofisini na bisibisi mkononi. Meneja akaitazama bisibisi kwanza, ndipo akanitazama mimi.

"Shikamoo mzee. Milango imekwisha?"

"Imekwisha. Nimekuja kwa barua ya mke wangu."

"Mzee wangu, yule ni mama yetu hapa. Tunamheshimu. Lakini akitoka nje nusu saa, akirudi tunampoteza robo nyingine anapepesa macho. Jicho lake ndilo ninaloliuza."

"Mwenyewe ameshalifikiria hilo," nikasema.

Na kweli alikuwa amelifikiria. Ndivyo alivyokuwa. Siku zile kumi hakukaa bure. Jumapili, nyumbani, alijifunga kitambaa kwenye jicho moja, akakaa uani juani nusu saa, akaingia chumbani kwetu, kwenye giza la ubao wangu, akafungua kitambaa. Lile jicho lililofungwa likaona papo hapo. Akaniita nishike yai mbele ya tochi iliyofunikwa. "Lina ufa karibu na ncha," akasema. Lilikuwa nao. Alicheka kama msichana, na kesho yake akamweleza Kinanda. Nikamweleza meneja yote hayo. Mimi nisiye na maneno, nilisema mpaka koo likakauka. Jicho moja la jua, moja la kazi. Hakuna dakika inayopotea.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ni ujanja mzuri. Lakini nikimruhusu mmoja, kesho wote kumi na mmoja wataumwa mifupa."

"Labda wote wanaumwa," nikasema.

"Mzee, nenda salama."

Hakukuwa na kingine. Nikaenda. Nilitakiwa nisiende. Nilitakiwa nikae pale kwenye kiti chake mpaka anitoe kwa nguvu. Niliondoka na bisibisi yangu kama mtoto aliyetumwa.

Jicho hakulia. "Nitaliota Jumapili, mara mbili," alisema, kana kwamba jua ni kitu cha kuwekwa akiba. Jumapili tatu alikaa uani, mikono wazi, na nywele zimefunguliwa. Jumapili ya tatu usiku wake alilala kabla yangu. Nikamsikia anakoroma kidogo. Nikasema, basi, linawezekana.

Jumatano iliyofuata aliinuka kwenye stuli, na paja likavunjika. Hakujikwaa. Hakuanguka kwanza akavunjika. Alivunjika kwanza, ndipo akaanguka. Kinanda alisikia mlio. Alinieleza yeye mwenyewe, na siku hiyo mdomo wake ulikuwa mzito.

"Nilipiga kelele wawashe taa kubwa, baba. Msimamizi akasema ngoja. Akasema taa kubwa itatuharibu macho wote na lori linasubiri. Tukampapasa sakafuni kwenye giza. Tukambeba gizani. Mimi nilimshika kichwa. Tumefika korido ndipo nikauona uso wake."

Nimeliandika hili kama alivyoniambia. Sina la kuongeza. 

Hospitali walimfunga mguu, wakampa kitanda cha dirishani. Dirisha la mashariki. Asubuhi jua lilianzia miguuni kwake likapanda mpaka mikononi, naye alilaza viganja juu, kama anayepokea kitu. Siku ya nne muuguzi aliniambia, "Mzee, mkeo analala kuliko wagonjwa wote. Tukipita usiku hata hageuki." Miaka yote hiyo nilitafuta dawa ya usingizi wake, nikachonga ubao. Dawa ilikuwa nyuma ya ubao.

"Umeutoa?" aliniuliza siku moja.

"Bado."

"Utoe basi. Nikirudi nataka nianze vizuri."

Jioni ile niliutoa. Misumari ilikuwa imeshika kutu, ilinisumbua. Nikafuta vumbi, nikatandika kitanda, nikakigeuza upande wake uelekee dirishani. Chumba kilikuwa tayari. Wiki ya tatu donge la damu lilitoka mguuni likapanda kwenye mapafu. Ilikuwa saa nne asubuhi, kweupe. Nilikuwa nimeshuka chini kumnunulia sabuni.

Meneja alikuja msibani. Alisimama mbele ya watu akasema kampuni imepoteza jicho lake. Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mimi nilimwangalia viatu.

Jumatatu baada ya mazishi niliuchukua ule ubao, nikaubeba begani mpaka kazini kwao. Sikujua nitafanya nao nini. Nilitaka aushike. Nilitaka mtu mwingine aubebe na yeye. Nikafika saa sita kamili.

Nje ya ghala kuna ngazi ya kupakilia malori. Juu ya ngazi walikuwa wamekaa wanawake kumi, mikono ya nguo imekunjwa mpaka begani, miguu wazi, na kila mmoja amejifunga kitambaa kwenye jicho moja. Wengine la kulia, wengine la kushoto. Meneja alikuwa amesimama mbele yao, jasho linamtoka. Aliponiona alifurahi, maskini.

"Mzee, afadhali umekuja. Waambie hawa. Nitawafukuza wote."

Kinanda akageuza jicho lake moja. "Wote kumi? Sawa, bwana. Basi ingia ukague wewe. Tone la damu unalijua? Au tukuchoree?"

Wakacheka. Lori lilikuwa limewasha injini. Dereva akachungulia nje, akauliza mayai yako wapi.

"Nusu saa," Kinanda akamwambia. "Tunasubiri mifupa ikauke."

Meneja alinigeukia tena. "Mzee wangu, nakuomba."

"Mimi sina maneno," nikasema. Nikaulaza ubao juu ya mawe mawili, karibu na ngazi. Ukatosha watu wawili. Kinanda akahamia pale, akanivuta mkono. "Kaa, baba." Nikakaa. Tukaota jua mpaka nusu saa ikaisha. Wakainuka, wakaingia gizani, wakafungua vitambaa. Trei ziliendelea kutoka kama kawaida. Hazikupungua. Sasa ilijulikana kuwa hazipungui, na hata mwaka uliopita zisingepungua.

Nusu saa hiyo wanayo mpaka leo. Baada ya mwezi, ukutani pale nje, kampuni ikapaka maandishi makubwa ya buluu. Nilipita nikayasoma herufi kwa herufi: Mapumziko ya jua, nusu saa kila siku, kwa hisani ya kampuni. Nilikuwa na patasi mfukoni. Nikalikwangua neno hisani mpaka tofali likaonekana. Mlinzi aliniona. Akaangalia pembeni. Hawajalirudisha.

Kwangu dirisha liko wazi. Jua likichomoza linaingia, linapita juu ya upande wake wa kitanda, linanifikia mimi. Naamka nalo. Saa tatu usiku macho yanafumba yenyewe, nalala moja kwa moja mpaka asubuhi. Sijawahi kulala vizuri hivi tangu ujana wangu, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.